Mrejesho: sigara kijiweni kwetu Nkuhungu

Wakuu, niliwauliza tufanyeje bodaboda wa kijiwe chetu waache sigara, maana hata madogo wa shule walishaanza kuokota vipisi. Asanteni.

Mabango hayakusaidia kitu. Upepo wa Dodoma uliyachana kabla hayajasomwa. Kilichosaidia ni ushauri kwamba hamu ikipanda hudumu dakika chache tu. Sasa kwenye benchi kuna kopo la ubuyu na karanga, na anayebanwa anatangaza, "Jamani, imenishika!" Wenzake wanampigisha stori mpaka ipite. Siku za mwanzo zilikuwa chungu: hasira, usingizi hakuna, mmoja nusura apigane na abiria. Mhudumu wa afya wa mtaa akasema ndivyo mwili unavyoidai nikotini, tusimcheke.

Mangi wa duka tulimkumbusha sheria ya tumbaku ya mwaka 2003: walio chini ya miaka 18 hawauziwi. Alinuna (biashara ni biashara), ila madogo anawafukuza.

Wawili wameacha. Mzee wa kijiwe bado, ingawa siku hizi anavutia mbali na wenzake. Mwenye mbinu ya kumsaidia mtu aliyevuta tangu ujana, naomba aseme.