Kwa nini fueli ya nyuklia iliyopoa bado inahofiwa?

Mwalimu_Ujiji: Wakuu, nafundisha fizikia huku Ujiji na kidato cha nne wamenibana. Fueli iliyotumika hukaa majini miaka kadhaa, kisha hutiwa kwenye mtungi wa chuma cha pua uliojazwa gesi ya heli, ndani ya kasha la zege lenye matundu ya hewa. Marekani walianza kuihifadhi nje ya maji kwenye kituo cha nyuklia cha Surry, jimbo la Virginia, 1986. Joto hupungua kila mwaka. Sasa hofu ya nini?

Binti_Uvinza: Shikamoo mwalimu. Nauza chumvi. Gunia lililo karibu na jiko hubaki kavu kabisa. Moto ukizimika usiku, asubuhi chini pameloa na waya wa kufungia umeshika kutu. Si ndiyo hiyo?

Fundi_Chuma: Ndiyo hasa! Hewa ya baharini huacha chumvi juu ya mtungi. Mtungi ukiwa wa moto, chumvi hainyonyi unyevu. Ukipoa hulowa, na chuma huweza kupasuka taratibu penye maungio ya kuchomelea.

Mwalimu_Ujiji: Marahaba binti, umenifungua macho. Sizi-137, mojawapo ya vitu vinururishi vinavyotoa joto hilo, hupungua nusu kwa miaka 30 hivi, kumbe hatari hii huja uzeeni. Wanakaguaje?

Fundi_Chuma: Roboti ndogo yenye kamera hupitishwa kwenye matundu ya hewa.