Nimekutwa na sukari na kazi yangu ni mama ntilie, nifanyeje?

MamaKaango:
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 43, napika chakula karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro, mwaka wa tisa huu. Miezi kama miwili nilikuwa na kiu isiyoisha, usiku naamka kukojoa mara nne, fangasi nikitibu zinarudi. Nikajua ni UTI, maana siku hizi nani hana UTI. Kupima, sukari 18.4. Kesho yake nikarudi bila kula kitu, 11.9. Nikaambiwa kisukari aina ya pili, nikapewa metformin za 500, kimoja asubuhi kimoja jioni, na neno moja: "Punguza wanga." Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikatoka.

Sasa wiki ya tatu. Saa kumi alfajiri nawasha mkaa, nameza kidonge na chai kavu. Supu haijaiva nimeshakwenda chooni mara tatu. Chakula chenyewe nakuja kula saa kumi jioni, kilichobaki. Soda nimeacha, sukari kwenye chai nimeacha, ugali nakula wa dona tu. Juzi nimepima tena kabla ya kula, 13. Jamani, mimi mbona sili! Mama mkwe kaniletea unga wa mlonge, anasema vidonge vitaniua figo, niache. Nisaidieni.

Kipepeo_wa_Mji:
Pole sana dada. Mimi niliambiwa mwaka juzi, nikalia siku mbili. Machozi yakikauka utaona maisha yanaendelea.

DawaZaBibi:
Dada usihangaike. Nina dawa ya asili, siku 21 sukari inakwisha kabisa na hairudi. Nifuate pembeni.

Fundi Koleo:
Wewe tena? Mwezi uliopita dawa hiyohiyo ilikuwa ya presha.

NesiWaZamu:
Dada MamaKaango, nafanya kazi kliniki ya kisukari, ngoja nianze na hilo tumbo. Metformin inamezwa pamoja na chakula au mara tu baada ya kula. Wewe unaimeza juu ya chai tupu, lazima ikuvuruge. Kula kwanza hata yai la kuchemsha na kipande cha kiazi, ndipo umeze. Tumbo huwa linazoea baada ya wiki chache. Lisipotulia, rudi kliniki ukaseme, zipo zinazoyeyuka taratibu. Usiache kimyakimya.

Figo: kinachoziharibu ni sukari kukaa juu miaka na presha isiyopimwa. Metformin haiziui, ila kama tayari ni dhaifu daktari anapunguza dozi au anaisimamisha, ndiyo maana wanapima damu na mkojo. Mlonge kama mboga kula, shikamoo kwa mama mkwe, lakini haushiki nafasi ya kidonge.

Na dona, samahani kwa wanaoliamini kama dawa, ni mahindi. Lina makapi yake, linashinda sembe, ila bonge la dona linapandisha sukari vilevile. Ugali uwe ukubwa wa ngumi yako, nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iliyobaki maharage, samaki au nyama. Kabla ya kula, kwa wagonjwa wengi tunalenga sukari iwe 4 hadi 7. Omba pia kupimwa macho mwaka huuhuu, usisubiri yafifie.

Mpishi_wa_Bwenini:
Mwenzangu, hapo uliposema "mimi mbona sili" nimecheka, maana na mimi nilisema hivyohivyo. Nimepika shuleni miaka 14, nina sukari tangu 2017. Fanya hivi: chukua kibakuli kitupu. Kila ukionja mchuzi, ukimega chapati kuangalia imeiva, ukichota wali uone chumvi, chota kingine kama hicho utie kwenye kibakuli. Siku moja tu. Usimwambie mtu.

Fundi Koleo:
Miguuni unavaa nini hapo jikoni? Mzee wangu alikanyaga msumari asubuhi, jioni ndiyo tukauona kwa damu kwenye soksi. Yeye hakusikia kitu. Kidole kilikatwa.

MamaKaango:
Kandambili. Na nikisema kweli, vidole viwili vya kushoto vina ganzi tangu mwaka jana, nikajua ni kusimama.

NesiWaZamu:
Hilo la ganzi kaliseme wiki hii, dada, usingoje tarehe ya kliniki. Vaa viatu vya kufunika, makaa yanaruka. Usiku chukua kioo uangalie nyayo na katikati ya vidole.

MamaKaango:
Nimerudi wapendwa. Tumbo limetulia, namezea juu ya yai na kiazi. Kliniki wamenichoma-choma nyayo na kiuzi, sehemu mbili sikusikia. Raba nimenunua za mtumba, wateja wananiita kocha.

Kibakuli nimefanya jana. Saa saba mchana kilikuwa kimejaa, chapati moja na nusu, wali, mchuzi juu, na maandazi mawili ambayo naapa sikumbuki kuyala. Nikamwita mama mkwe aje aone. Kaangalia, akaniuliza hicho ni chakula cha nani.

Mpishi_wa_Bwenini:
Changu kilijaa saa tano. Kesho mpe binti yako kijiko, aonje yeye.