Robo inajizungusha yenyewe hata maneti sijaigusa

Kadogo_wa_Katuba
Yambo ba yaya na bandugu bote. Niko mupya kabisa mu mambo ya robo, musinicheke. Nilifunga ka gari kadogo ka mapine 4, motere zile za rangi ya njano, Arduino Uno (ka karti kanaendesha programu), karti ya L298N ya kuendesha motere, na maneti (ya kuchezea michezo) isiyo na waya ya aina ya PlayStation 2, ile inakuyaka na kapokezi kake. Biblioteke (kode iliyoandikwa tayari ya kusoma maneti) niliweka ni PS2X. Vifungo viko muzuri, nikifinya pembetatu taa inawaka, lakini nikiingia kwa joistiki njo matatizo inaanza: nikisukuma mbele gari inarudi nyuma, nikiachilia haisimame, inazungukazunguka kama mutu mwenye kulewa lutuku, na saa ingine nikienda mbio Arduino inazima yote kiisha inaanza upya. Batri ni ile ya volti 9 ya mraba. Niliweka delay(1000), ngoja sekunde moja, kila pahali nikisema labda itatuliza mambo, ikazidi. Kaka yangu anacheka ati hata robo ya roulage, ile inaongozaka magari ku barabara, iko na akili kushinda yangu 😭

Fundi_Sudire
Mudogo, mbele ya kugusa kode, ondoa ile batri. Ya volti 9 ni ya multimetre na ya ka radio, haiwezi kusukuma motere 4. Motere zikivuta kwa nguvu volti inashuka, Arduino inakufa, inafufuka, njo ile unaona. Tafuta 18650 mbili, zile batri za lithium za mviringo. Mu batri ya ordinatere portable iliyokufa unaweza kukuta moja ao mbili bado nzima, lakini pima kwanza, ikiwa chini ya volti 2.5 iache pale pale, usijaribu kuichaji, vile vitu vinashikaka moto. Ukizifunga kwa mustari unapata 7.4, L298N yenyewe inakula karibu 2, motere zinabakia na 5 na kitu, na zile za njano zinataka kati ya 3 na 6, basi iko sawa kabisa.

Kiisha angalia mase (GND, upande wa kutoa wa umeme). GND ya batri, ya L298N na ya Arduino, zote zikutane pahali pamoja. Ka waya kamoja tu, lakini bantu wanalalaka bila usingizi ju yake. Na kapokezi ka maneti ukapatie volti 3.3, hapana 5.

Info_Kampemba
Fundi amesema ya umeme, mi naongeza ya namba. Swali moja: ulishaangalia namba zenye joistiki inatuma? Watu wanaoanza wanaandika "enda mbele", "geuka", na hata hawajaona maneti inasema nini. Andika programu ya mistari kama 5 hivi inasoma LX (kushoto-kuume) na LY (juu-chini) za joistiki ya kushoto na kuzitupa ku Serial, ile dirisha ya namba ku ordinatere, basi, motere zizime. Utaona joistiki inatoa 0 mpaka 255. Ukiisukuma juu kabisa LY inakuwa 0, ukiivuta chini 255. Ndiyo, juu ni 0! Njo maana gari yako inarudi nyuma, haina kosa, inatii namba.

Sasa iachilie. Katikati ingepaswa kuwa 127 ao 128, lakini maneti za bei chini utaona 131, utaona 122, na kila ukiachilia inabadilika kidogo. Wewe uliandika kama LY ni kubwa kuliko 128 motere izunguke, sivyo? Basi 131 kwake ni amri. Mupatie nafasi ya kupumua pale kati:

y = 128 - LY
x = LX - 128
kama y iko kati ya -12 na 12, y = 0, na x vilevile
kushoto = y + x
kuume = y - x

Zidisha kwa 2, zifunge na constrain zisipite 255 wala zisishuke chini ya -255. Alama ya kutoa inakuambia upande wa kuzunguka, namba yenyewe unaituma ku analogWrite, ile inapimaka mwendo wa motere. Hapo joistiki moja inaendesha na kugeuza, hauna lazima ya "if" kumi na tano. Namba ikiwa ndogo sana motere inalia tu bila kuzunguka, ni kawaida.

Toa kavalie (ka kipande kadogo kanaunganisha pini mbili) ku ENA na ENB za L298N, bila hivyo mwendo hautabadilika. Mi naziwekaka ku pini 5 na 6. Na zile delay futa zote, mu sekunde yake nzima Arduino haisome maneti, unafinya unafinya, yeye amelala.

Petit_Genie_Lshi
Mbona munateseka, anunue Raspberry Pi (ordinatere kadogo), aandike na Python na biblioteke yake pygame, maneti ya Bluetooth, imeisha

Info_Kampemba
Petit, na pygame vilevile joistiki ikiachiliwa haitoi 0 safi, inatoa 0.03, -0.02, na kusukuma juu inatoa -1. Shida ni ile ile, bei tu njo imepanda.

Kadogo_wa_Katuba
Bandugu!!! Serial ilinionyesha LY 142 bila kugusa, wakati yote nilikuwa nalaumu motere. Nimeweka 12 haikutosha, nikaweka 15, sasa inasimama. 18650 nilipata mbili kwa soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, na haizime tena. Lakini jana niliacha maneti ikalala yenyewe, gari ikaenda mbio mpaka mu sahani ya bukari ya mama, hajanisamehe.

Fundi_Sudire
Hahaha, mama iko na haki. Kapokezi kakipoteza maneti kanaweza kuacha 255 ku mistari yote, na kwa kode yako ile ni kuume kurudi nyuma mbio na kushoto kusimama. Weka sheria: motere zitembee paka kama umeshika L1 (kifungo cha juu mbele, kushoto), ukiachilia kila kitu 0. Na kama LX, LY, RX na RY (hizi mbili ni za joistiki ya kuume) zote ni 255 kwa mara moja, simamisha, ni ngumu sana mukono wa mutu kufanya vile kwa bahati. Angalia pia ka taa kekundu ka Analog ku maneti, kakizima joistiki hazitumi namba za kweli.

Kadogo_wa_Katuba
L1 imekubali. Kamejaribiwa mbele ya mama, mbali na chakula.