Wadau wa Mbeya, nisaidieni: watoto wafikeje uwanjani bila kugongwa?

Baba Wawili:
Habari za jioni wadau. Naishi Ilomba, upande wa juu. Watoto wa mtaa wetu wanacheza kwenye kiwanja cha wazi kilichobaki kule chini, na kukifikia ni lazima washuke barabara ya lami yenye mteremko mkali. Bajaji na boda wanazima injini huko juu kuokoa mafuta, wanateremka kimya; unashtukia kitu kiko mgongoni. Njia ya waenda kwa miguu hakuna. Kuna mtaro mrefu usio na mifuniko, na ukingo wake umejaa matenga ya nyanya.

Juzi nilimwona kijana wangu anasukuma baiskeli pale. Fuso la ndizi za Tukuyu likatokea, akaikumbatia baiskeli kifuani, mguu mmoja kwenye ukingo wa mtaro, mwingine hewani. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Nimefikiria tuta. Mnanishauri nini?

Dereva Mstaafu:
Pole sana mkuu. Nimeendesha malori ya Tunduma miaka mingi. Kitonga tulikuwa tunashuka na gia nzito, na tandiboi alikuwa akishika kuni tayari kuweka gurudumuni. Vijana wa siku hizi wanashuka frii na abiria watatu. Siku moja pale Iyovi nilikuta semi imelala... ila hiyo ni hadithi ndefu, nitaileta kwenye uzi wake.

Mama Maparachichi:
Mimi nauliza wazazi wako wapi? Mtoto anatumwa dukani, anaenda mpirani, hakuna anayemfundisha barabara. Pasipo na njia ya miguu atembee kulia, aone magari yanayomjia usoni. Akipanda baiskeli akae kushoto, afuatane na magari. Wangu nimewafundisha hivyo na wamekua salama, namshukuru Mungu.

Fundi Lami:
Mama, mtoto atatembea kulia wapi wakati kulia ni mtaro?

Mleta uzi, tuta si zege la kumwaga tu. La mviringo linalofaa lina kimo cha sentimita 10 hivi, na upana wa karibu mita 4 kufuata barabara, lina rangi na alama za kuonya kabla ya kulifikia. Ukiweka kigongo kifupi kisicho na alama, boda wa usiku wenye ukungu ataruka nacho. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017. Barabara kuu ni TANROADS. Pitia serikali ya mtaa, barua iende kwa diwani na kwa TARURA. Unasema umefikiria tuta. Umefikiria, au umeshaanza?

Baba Wawili:
Tumechangishana majirani. Saruji na kokoto vipo, fundi anakuja Jumamosi. Barua zinachukua muda, mtoto hasubiri barua.

Kijana wa Uyole:
Dar kulikuwa na mradi wa SARSAI. Walikwenda kwenye shule za msingi, wakajenga njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari. 2019 ukashinda tuzo ya WRI Ross, ile ya kimataifa ya miji. Walianza na njia ambayo watoto wenyewe wanapita. Kwa hiyo nikuulize: kabla ya lami, watu wa juu walikuwa wanashukaje kiwanjani?

Baba Wawili:
Palikuwa na uchochoro. Umefungwa.

Kijana wa Uyole:
Umefungwa na nani?

Baba Wawili:
Sikutaka kufika huko. Umefungwa na ukuta wa mama mkwe wangu. Ni mjane, aliibiwa kuku na mabati, akajenga kwa mkopo wa kikoba tofali moja moja. Siwezi kumwambia avunje. Mke wangu amenikataza hata kulitaja. Ndiyo maana nasema tuta ni rahisi zaidi.

Mzalendo Halisi:
Hii chai. Mwezi uliopita ulileta uzi unatafuta chumba cha kupanga Ilomba. Leo una mama mkwe, ukuta na kamati ya tuta? Sema tu unautaka udiwani.

Dereva Mstaafu:
Hata mimi nilianza kuhisi.

Baba Wawili:
Chumba nilimtafutia shemeji yangu, anasoma chuo kikuu hapa Mbeya, MUST. Udiwani sina mpango nao. Nisingeleta aibu ya ukweni hapa kwa ajili ya kura.

Muuza Nyanya:
Matenga mnayoyasema ni yangu na wenzangu, na fuso la siku hiyo nililiona. Mtoto yupo, na ule ukuta naufahamu. Mkituonyesha pa kukaa tutahama hata kesho, sisi pia tunaogopa zile bajaji.

Fundi Lami:
Basi simamisha zege. Nenda kwa afisa mipango miji wa jiji, angalia kwenye ramani kama uchochoro ni njia ya umma. Kama ni njia, omba mita mbili tu za kupita mtu na baiskeli. Majirani waliochangia tuta wamlipie mama kuusogeza ukuta, na taa iwekwe hapo ili wezi wasirudi. Pesa iliyobaki ifunike mtaro.

Baba Wawili:
Fundi nimemwambia asije Jumamosi. Lakini tuta bado nalitaka, maana si watoto wote wanakaa karibu na uchochoro. Barua ya TARURA naandika leo. Hilo la mama, nani aanze?

Mama Maparachichi:
Si wewe. Mke wako aende na mjumbe na shangazi mmoja, waende asubuhi, wasiende mikono mitupu. Na pesa ya mchango waitaje kabla ya kuutaja ukuta.