Je, tangazo la kijiji kuhusu nyumba za wageni wa siku chache ni sheria?

Mrithi wa Kihamba
Habari zenu ndugu zangu. Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba vitatu kihambani kwetu (shamba la ukoo) huko Marangu, na kwa kuwa sisi watoto hukutana hapo Desemba tu, miezi mingine huwapangisha kwa siku mbili tatu wageni wanaokwenda kupanda Mlima Kilimanjaro. Wiki iliyopita nilikuta karatasi imebandikwa ofisi ya kijiji ikitutaka tunaolaza wageni tulipe shilingi 20,000 kwa kila mgeni, na aliyekuja kukusanya hakuwa na risiti. Sikatai kuchangia kijiji changu. Naomba kujua kama karatasi ile ina nguvu ya kisheria.

Mtendaji Mstaafu
Karatasi peke yake haina nguvu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo, lakini mapendekezo hayo hufikishwa kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wakatoa maoni yao, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya ili yaidhinishwe. Nenda kwa mtendaji, uombe kwa heshima kuona muhtasari wa mkutano huo na idhini ya wilaya. Visipokuwepo, usilipe, na hata vikiwepo, usitoe fedha bila stakabadhi ya serikali.

Nawe pia ujikague. Kulaza wageni kwa malipo ni biashara, na malazi ya watalii yanaguswa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, kwa hiyo umwone afisa biashara wa wilaya pamoja na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla hujasimama mkutanoni kudai haki. Kitabu cha wageni unacho?

Jirani wa Mferejini
Mimi sina nyumba ya wageni, ila naishi chini ya mojawapo. Mwezi uliopita, asubuhi ya zamu yangu ya maji, nilifungulia mfereji nikaona povu la sabuni likiingia kwenye migomba, kwa sababu watu kumi na wawili walikuwa wamelazwa kwenye nyumba yenye bafu moja na maji machafu yakaelekezwa mferejini. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, na simu yake haikupokelewa hadi jioni. Hiyo shilingi 20,000 isingenisaidia chochote. Sheria ndogo ninayoitaka iseme idadi ya wageni kwa kila nyumba, maji machafu yaende wapi, na nani aliyepo hapa kijijini atakayegongewa mlango saa sita usiku kukiwa na makelele.

Mrithi wa Kihamba
Asanteni sana. Mama, pole kwa migomba yako. Kitabu cha wageni sikuwa nacho, nitakinunua kesho, na binamu yangu anayeishi jirani amekubali kuwa msimamizi wa nyumba. Mzee wangu, je, mwananchi wa kawaida anaweza kuomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda za mkutano mkuu, au ni lazima lipitie kwa mwenyekiti wa kitongoji?

Mtendaji Mstaafu
Anza na mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Mpe barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, na umwombe jirani yako naye atie sahihi.