Mandhari nyeusi au nyeupe: ipi haichoshi macho?

Muulizaji: Wenzangu, kazi yangu ni kuhariri maandishi, kwa muda wa saa 8 kila siku. Juzi niligeuza skrini ikawa nyeusi tii, herufi nyeupe, nikidhani nayahurumia macho. Ikifika jioni herufi zinaota ukungu pembeni na kichwa kinagonga. Nakosea wapi?

Jibu la 1: Umewahi kupimwa astigmatizimu, yaani kasoro ya umbo la jicho inayofanya vitu vionekane na ukungu? Mimi ninayo. Mbele ya skrini nyeusi mboni hupanuka, kasoro ya jicho inajitokeza zaidi, na herufi nyeupe zinaonekana kama zinavuja. Mchana nilirudi kwenye nyeupe, nikapunguza mwanga wa skrini ulingane na wa chumba. Hilo la kulingana nalisisitiza sana! Usiku nyeusi inanifaa, ila herufi ziwe za kijivu, si nyeupe pe.

Jibu la 2: Na usisahau kupepesa. Tukikodolea skrini tunapepesa kidogo, macho yanakauka, rangi yoyote iwayo. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Muulizaji: Nimepimwa leo. Ni astigmatizimu kweli, jicho la kushoto. Skrini nimeirudisha nyeupe, nasubiri miwani. Asanteni sana, jamani.