MJADALA: Redio za Marekani zimlipe na mwimbaji, au mtunzi peke yake anatosha?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Jana usiku nilikuwa naosha vyombo, redio ikapiga "Respect" (yaani "Heshima") ya Aretha Franklin. Nikaacha sahani kwenye maji nikasikiliza mpaka mwisho, halafu likanirudia lile jambo linalonikera kila nikiusikia.

Wimbo huo tunaujua kwa sauti ya Aretha, ila mtunzi wake ni Otis Redding. Otis aliurekodi mwaka 1965: mwanamume anarudi nyumbani, anataka mkewe amheshimu. Tarehe 14 Februari 1967 Aretha akaingia studio New York, wakiwemo ndugu zake Carolyn na Erma kwenye uitikiaji, akaupindua wote. Sasa anayedai heshima ni mwanamke. Pale anapotaja herufi saba za neno "respect" moja baada ya nyingine, kwa Otis hapapo. Wale waitikiaji wanaorusha vineno vya harakaharaka nyuma yake, kwa Otis hawapo. Mwezi Juni wimbo ukashika namba moja Marekani, na mwezi huohuo Otis mwenyewe, akiwa jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California, akawaambia watu kuwa kuna msichana kamchukulia wimbo wake.

Sasa sikieni sheria. Kituo cha AM au FM cha Marekani kikipiga wimbo, kinamlipa mtunzi na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia tungo zake. Mwimbaji hapati hata senti. Aretha amefariki Detroit tarehe 16 Agosti 2018, na kwa miaka hamsini na moja redio hizo zimeupiga wimbo huo bila kumlipa yeye kwa kuupiga.

Mimi naiita dhuluma. Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, naomba kutofautiana nawe. Otis alikufa tarehe 10 Desemba 1967, ndege yake ilianguka Ziwa Monona kule Wisconsin. Alikuwa na miaka 26, ameacha mjane na watoto wadogo. Hao wangekula nini kama si mirabaha? Aretha alibaki na maonyesho, mikataba na jina. Mtunzi akishaondoka kinachobaki ni karatasi yake tu.

Na jina la Aretha lilijengwa na nani? Miaka yote aliyokuwa na kampuni ya rekodi ya Columbia, tangu 1960, kipaji kilikuwa kilekile, lakini hakuvuma hivyo. Alipohamia kampuni ya Atlantic na redio zikampokea, ndipo kumbi zikajaa. Redio ilimtangaza bure, naye akauza tiketi. Hapo deni liko wapi?

Mleta mada

Ndugu yangu, hakuna anayetaka kugusa fungu la familia ya Otis. Libaki lilivyo. Ninachosema ni kwamba kuna mtu wa pili aliyefanya kazi, na kazi yake ndiyo inayomfanya msikilizaji asibadilishe kituo.

Hilo la kutangazwa bure, jiulize Aretha mwenyewe aliishije. Alidai alipwe taslimu kabla hajaimba, na mkoba wenye hela alipanda nao jukwaani. Itafuteni video ya ukumbi wa Kennedy Center, Washington, ya Desemba 2015. Anaingia na koti la manyoya, mkoba mkononi, anauweka juu ya piano ndipo anakaa kupiga. Watu wanauona kama madaha ya malkia. Mimi naona mwanamke wa kizazi kilichodhulumiwa sana, aliyejifunza kwamba hela isiyokuwa mbele ya macho yako si yako.

Usiku huohuo aliimba "(You Make Me Feel Like) A Natural Woman", na mmoja wa watunzi wake, Carole King, alikuwa roshani akishangilia kwa mikono miwili kichwani. Sina neno na Carole, anastahili kila senti. Lakini rekodi ya Aretha ikipigwa FM kesho asubuhi, wa roshani analipwa na wa kwenye piano halipwi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nimefanya kazi kwenye redio ndogo, naongea kwa uchungu. Mwisho wa mwezi tulikuwa tunachagua: tulipe umeme au tulipe watangazaji. Ukiongeza ada nyingine, wakubwa watalipa na kuendelea, wadogo watazima mitambo au watageuka vituo vya maongezi tupu. Hapo mwimbaji chipukizi atapigwa wapi?

Halafu hela yenyewe itaishia kwa kampuni za rekodi.

Mleta mada

Hoja yako ya wadogo ni nzito, siipuuzi. Ila muswada wa kuzitaka redio zimlipe na mwimbaji, ulioletwa bungeni Marekani mwaka 2021, ukarudishwa 2023 na 2025, umewafikiria. Kituo kidogo kisicho cha kampuni kubwa, chenye mapato chini ya dola milioni 1.5 kwa mwaka, hakitalipa zaidi ya dola 500 kwa mwaka mzima.

Kuhusu kampuni, tuangalie kinachofanyika tayari. Tangu sheria ya 1995, redio za kidijitali kule, kama za mtandaoni na za setilaiti, zinalipa: nusu anachukua mwenye rekodi, ambaye mara nyingi ni kampuni, asilimia 45 mwimbaji mkuu, asilimia 5 wapigaji ala na waitikiaji. Hela ya mwimbaji haipiti kwenye kampuni. Ila rekodi za kabla ya 1972 ziliachwa nje, "Respect" ikiwamo. Sheria ya kuziingiza ilisainiwa tarehe 11 Oktoba 2018. Aretha alikuwa hajamaliza miezi miwili kaburini.

Na nje ya Marekani wanapoteza pia. Nchi kadhaa ambako redio humlipa mwimbaji zimekuwa zikizuia fungu la Mmarekani, kwa kuwa Marekani nayo haiwalipi wa kwao.

Mchangiaji wa kwanza

Kwenye zile asilimia 5 umenigusa. Nimeurudia wimbo sasa hivi nikiwa nimevaa spika za masikioni, nikimsikiliza King Curtis na saksafoni yake, na wale ndugu wawili nyuma. Hao hawakuwa na kumbi za kujaza kama Aretha, kwa hiyo ile hoja yangu ya tiketi kwao haishiki.

Kwa Aretha bado nasimama na redio. Kwa waitikiaji, walipwe.